Sura ya Nne: Mkate wa Mwenyeji Kwanza

Alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya Ziwa George, magari ya watalii huwa yameshaingia uwanda wa Kasenyi. Mapaa yamefunguliwa, madereva wanaitana, kila mtu anamtafuta simba. Jua likikolea na simba akijilaza kichakani, gari husimama mahali palipo wazi na masanduku ya kifungua kinywa hufunguliwa: yai la kuchemsha, ndizi, maji ya chupa, na slesi mbili za mkate mweupe uliotoka mjini na kulala njiani. Si mbali na hapo, ufukweni mwa ziwa na ndani ya Mbuga ya Taifa ya Queen Elizabeth, Uganda, kipo kijiji cha Hamukungu. Kina maziwa, kina samaki, kina watu walioamka kabla ya wageni hao.

Sura hii nimemwandikia mtu anayelitazama sanduku lile na kuona biashara. Ameona sawasawa. Ila kabla hajanunua tofali la kwanza la tanuri, namwomba aigeuze hesabu yake: mkate wa mwenyeji ndio uwe biashara, wa mgeni uwe nyongeza. Anayeanza kinyume anaiweka riziki yake mikononi mwa watu wanaoweza kufuta safari kwa usiku mmoja.

Na huku wilayani Kasese wanajua maana ya safari kufutwa. Mbuga ya Milima ya Rwenzori ilifungwa mwaka 1997 kwa sababu ya waasi wa ADF, ikaja kufunguliwa tena 2001. Juni 2019 Ebola ilivuka kutoka Kongo ikaingia wilayani. Machi 2020 Uganda ilifunga mipaka na uwanja wa ndege wa Entebbe kwa ajili ya korona, na abiria wa kawaida hawakurudi hadi Oktoba mwaka huo. Juni 2023 waasi waliwaua wanafunzi wa sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe, na Oktoba mwaka huohuo watalii wawili na mwongozaji wao Mganda waliuawa ndani ya Queen Elizabeth. Hii ni misiba ya watu, na familia za Mpondwe zitaibeba muda mrefu. Naitaja kwa sababu katika miezi ile yote ambapo vitanda vya hoteli vilikuwa vitupu, mvuvi wa Hamukungu aliingia ziwani akiwa na njaa ya asubuhi, na mwanawe naye alitaka kitu cha kutafuna kabla ya kwenda shule. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Katika biashara ya mkate, mwenyeji hana budi kuwa mzima kwanza, mgeni aje au asije.

Huyo mwenyeji ni nani? Hamukungu ni kijiji cha wavuvi na wafugaji, hasa Wasongora na ng'ombe wao wenye pembe ndefu. Ukitoka kijijini kuelekea barabara kuu unafika karibu na Kikorongo, njia panda muhimu kuliko inavyoonekana. Kaskazini inakwenda Kasese mjini. Kusini inavuka daraja la Katunguru, juu ya Mfereji wa Kazinga, kuelekea Mbarara. Magharibi inashuka hadi Bwera na Mpondwe, mpaka wa Kongo, ambako siku ya soko watu wa Kasindi, ng'ambo ya mpaka, na wa Mpondwe huchanganyika kwa maelfu na Kiswahili ndiyo lugha ya kuuza na kununua. Mwoka mikate mwenye pikipiki moja ana makundi manne ya wateja kwenye njia hizo tatu: wanakijiji, wasafiri wa Kikorongo, wafanyakazi na askari wa mbuga, na soko la mpakani. Watalii ni kundi la tano.

Mshindani wake naye anajulikana. Ni chapati. Kila kituo cha biashara Uganda kina kijana mwenye jiko la makaa, kikaango cha chuma na bakuli la donge, na kwa dakika chache anakukunjia rolex: chapati yenye mayai, nyanya na kitunguu, ya moto, mbele ya macho yako. Mkate uliolala hauwezi kushindana na hiyo, wala usijaribu. Mkate unashinda pale chapati inaposhindwa: kwa kudumu hadi kesho, kwa kulisha watoto sita kwa kitu kimoja, kwa kuliwa na chai bila mafuta mikononi, kwa kubebwa mtumbwini. Mwokaji apike kwa ajili ya nafasi hizo. Na huyo kijana wa chapati asimchukie. Anunue naye unga gunia moja wagawane, bei ishuke kwa wote wawili.

Mkate ninaousema ni wa mikono, na neno hilo linahitaji mpaka. Ufaransa wameuweka kisheria: tangu 1998, duka haliruhusiwi kujiita bekari ikiwa donge halikukandwa, halikuumuliwa na halikuokwa palepale linapouzwa. Mpaka huo unatufaa. Anayepokea mikate ya kiwandani kutoka mjini akaibandika jina la mbuga ni mchuuzi, na uchuuzi ni kazi ya halali, lakini hauachi kijijini chochote isipokuwa faida ndogo ya mwisho. Anayekanda mwenyewe ananunua maziwa ya jirani, kuni za jirani, viazi vya jirani, na mikono ya jirani.

Tuanze na unga, maana ndio unaokula mtaji. Sehemu kubwa ya ngano inayoliwa Uganda hutoka nje. Inashuka Mombasa au Dar es Salaam, inasagwa kwenye vinu vikubwa, kisha inapanda lori hadi Kasese. Vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022, mwenye duka la Bwera aliusikia mlio wake kwenye bei ya gunia. Mwokaji wa kijijini hawezi kuizuia bahari, lakini anaweza kupunguza kiasi cha ngano ndani ya kila mkate. Njia iliyojaribiwa vizuri zaidi katika ukanda wetu ni viazi lishe, vile vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula ya Dunia ilitolewa kwa watu wanne kwa kazi ya kuyatia mazao vitamini, na mmoja wao ni Mganda, Robert Mwanga, aliyetumia miaka mingi kuzalisha mbegu za viazi hivyo. Kiazi kikichemshwa, kikamenywa na kupondwa laini, kinachukua nafasi ya sehemu nzuri ya unga. Mkate unatoka na rangi ya dhahabu, unabaki laini siku moja zaidi, na kiazi chenyewe kinauongezea vitamini A.

Kenya wameshapita njia hiyo. Huko Homa Bay kampuni ya Organi ilisaga viazi vya wakulima wadogo kuwa rojo, na kuanzia 2015 maduka makubwa ya Tuskys yakaoka mkate wake Nairobi. Mkate ulipendwa. Lakini Tuskys yenyewe ilianza kuporomoka mwaka 2020, na matawi yake yakafungwa moja baada ya jingine. Mkulima aliyepanda kwa kutegemea mnunuzi mmoja alikuwa na kiazi kizuri na hana pa kukipeleka. Kwa hiyo uanze na viazi lishe, lakini usimpe mnunuzi mmoja, hata awe hoteli yenye jina gani, zaidi ya theluthi ya mikate yako.

Baada ya kiazi, maziwa. Hapa ndipo Hamukungu inapokuwa na kitu ambacho mji hauna, na hapa pana jambo zito kuliko mapishi. Aprili 2018 simba 11, majike matatu na watoto wanane, walikutwa wamekufa kwa sumu karibu na kijiji hiki. Mfugaji anayempoteza ng'ombe kwa simba anapoteza ada ya shule na mahari ya mwanawe kwa usiku mmoja, huku fedha za simba yuleyule zikilipwa getini. Sheria ya Uganda inazirudisha asilimia 20 za kiingilio cha mbuga kwa majirani zake, lakini fedha hizo hupita kwenye halmashauri na kutokea kama darasa au zahanati, siyo mfukoni mwa aliyefiwa na ng'ombe. Sidai kwamba mkate utaumaliza ugomvi huo. Nadai kwamba lita tano za maziwa zinazonunuliwa kila jioni kwa fedha taslimu, ziingie kwenye mkate unaoliwa na mtu aliyekuja kumwona simba, ni uhusiano wa kwanza wa moja kwa moja kati ya ng'ombe na simba usio wa hasara. Hiyo inatosha kuwa sababu ya kuanza.

Maziwa yachemshwe, bila ubishi. Maziwa mabichi yanaweza kubeba homa ya kutupa mimba na kifua kikuu cha ng'ombe, na yasipochemshwa hata mkate wenyewe huumuka vibaya. Yakishachemka yaache yapoe hadi uweze kuweka kidole bila kuungua, ndipo uyakutanishe na hamira. Samli ya nyumbani, kijiko kimoja kwa kilo ya unga, hufanya kazi ambayo watu wa mjini wanaifanya kwa siagi ya bei kubwa.

Kwa mkate wa kawaida shika hesabu hii: unga kilo 10, maji au maziwa lita 6 na kidogo, chumvi gramu 200, hamira kavu gramu 80 hadi 100. Unapata donge la kilo 16 na nusu hivi. Likate vipande vya gramu 560, utapata mikate 29, na kila mmoja ukitoka tanurini na kupoa una karibu nusu kilo, kwa sababu sehemu ya kumi hivi ya uzito huondoka na mvuke. Pima kwa mizani kila siku. Mteja wa kijijini anajua uzito wa mkate kwa kuushika tu, na siku utakapoupunguza kimyakimya atajua kabla hujamaliza kupanga rafuni. Chumvi iwe ya dukani yenye madini joto, kama sheria inavyotaka. Ile ya Katwe, inayochimbwa ziwani hapo jirani kwa karne nyingi, ina heshima yake, lakini ikiwa ghafi waachie ng'ombe.

Joto la bondeni ni rafiki mwenye haraka. Ziwa George liko kama mita 914 juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na mstari wa ikweta, na donge linalochukua saa mbili kuumuka kwenye mji wa baridi huku linaweza kumaliza kwa nusu ya muda huo. Anayefuata kitabu cha Ulaya neno kwa neno atapata mkate mchachu wenye mashimo uliobonyea katikati. Punguza hamira, tumia maji yaliyolala mtungini, na usiamini saa, amini kidole. Donge lililokandwa vya kutosha haling'ang'anii mkono. Kata kipande kidogo, kivute polepole kwa mikono miwili mpaka kiwe utando unaopitisha mwanga. Kikichanika mapema, rudi ukande. Likishaumuka, libonyeze: kishimo kikirudi upesi bado, kikirudi taratibu tuliza roho yako na uingize mkate, kisiporudi kabisa umechelewa, likande upya liwe banzi.

Sasa tanuri. Kishawishi cha kila anayeanza ni mashine: oveni ya umeme, ya chuma, inayong'aa. Katwe wana somo kuhusu mashine. Kiwanda cha kisasa cha chumvi kilijengwa hapo katika miaka ya 1970 na wataalamu wa Kijerumani. Maji ya ziwa lile yakayala mabomba, na kiwanda kikafa baada ya muda mfupi, huku wachimbaji wa vidimbwi wakiendelea na kazi hadi leo kwa mikono. Mashine isiyoliuliza eneo lina nini haiishi. Bondeni umeme ukikatika usiku wa kuoka, donge la kilo 16 halingoji urudi. Tanuri la matofali ya udongo lenye kuba, lililojengwa na fundi wa Kasese, halimjui mkata umeme.

Linafanya kazi hivi. Kuni zinawaka ndani ya kuba lenyewe kwa saa mbili au zaidi. Matofali ya ndani kwanza yanakuwa meusi kwa masizi. Endelea. Joto likizidi, masizi yenyewe yanaungua, na kuba linaanza kujisafisha kutoka juu kushuka, weusi ukitoweka kama wingu mpaka tofali lionekane jeupe. Hapo limeshiba. Toa makaa, fagia sakafu kwa ufagio uliolowa, funga mlango dakika chache joto lisambae. Rusha chembe za unga sakafuni: zikigeuka nyeusi papo hapo ngoja, zikigeuka kahawia pole pole ingiza. Mkate wa nusu kilo unataka dakika 30 hivi. Ugeuze, ugonge tumboni kwa kidole. Ukilia kama kitu kitupu, umeiva. Baada ya mikate yanaingia mabanzi, baada ya mabanzi keki, na usiku joto lililobaki linakausha vipande vya mkate wa jana. Kuni moja, kazi nne.

Kuni zenyewe zisitoke mbugani. Kuzichukua bila kibali ni kosa la sheria na ni njia ya haraka ya kuharibu jina. Nunua mikaratusi iliyopandwa milimani, au ujifunze kutumia maganda ya kahawa. Wilaya hii ina kahawa nyingi kwenye miteremko ya Bukonzo, na kiwanda cha saruji cha Hima kimeshaonyesha kwamba maganda yake ni nishati.

Kuna jambo ambalo hakuna kitabu cha mapishi kinacholiandika. Mwokaji wa mjini huamka saa tisa usiku akatembea hadi kazini. Kijiji kilicho ndani ya mbuga hakiruhusu hivyo. Viboko hutoka ziwani usiku kula majani hadi kando ya nyumba, na nyati na ndovu nao wana njia zao. Kwa hiyo tanuri na chumba cha kukandia viwe ndani ya uzio mmoja na mahali wanapolala waokaji. Donge likandwe jioni kwa hamira kidogo sana liumuke usiku kucha, na mkate wa kwanza utoke kukiwa kumepambazuka. Unga uhifadhiwe ndani ya ukuta imara na mapipa yenye mifuniko, kwa sababu ndovu hunusa nafaka kutoka mbali na hodi yake inaangusha ukuta.

Ya leseni nitayasema kwa ufupi, maana hayana siri: leseni ya biashara kutoka ofisi za eneo lako, cheti cha afya kwa kila anayeshika donge, na siku utakayotaka kuuza madukani, alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda. Fuatilia hiyo mapema. Hoteli nyingi zitaiuliza.

Na mgeni? Amefika sasa, baada ya mwenyeji kula. Mgeni muuzie hasa vitu vinavyodumu. Ng'ambo ya Rwenzori, Mutwanga nchini Kongo, Mbuga ya Virunga iliwasha mtambo wa umeme wa maji mwaka 2013, na umeme huo ukaleta kiwanda cha sabuni na baadaye cha chokoleti ya kakao ya wakulima wa pale. Chokoleti inaweza kumsubiri mnunuzi hadi Ulaya. Mkate hausubiri. Lakini biskuti za vanila zinasubiri wiki kadhaa kwenye kopo lililofungwa vizuri, na vanila inalimwa Kasese. Vipande vya mkate vilivyokaushwa na tangawizi vinasubiri mwezi. Wapanda mlima wanaoanzia Nyakalengija au Kilembe hukaa Rwenzori wiki nzima kwenye mvua na matope, na slesi laini ya dukani inavunda siku ya tatu. Mkate mzito wa ngano isiyokobolewa, mtama na asali, uliookwa kwa ajili yao na wapagazi wao, hauna mshindani dukani. Zanzibar wameishi hivi muda mrefu. Mkate wa mofa ni wa mtama, mkate wa ufuta una tui la nazi, mkate wa kumimina una mchele na iliki, na mgeni anauomba kwa jina kwa sababu haupo kwao. Wa Hamukungu uwe wa viazi, maziwa na samli. Usiuite wa Kifaransa.

Kinachobaki ni fedha, na hapa nina neno kwa watu wawili. Mwanzilishi: anza na kilo 10 kwa siku, siyo 50. Weka daftari la unga uliotumika, mikate iliyouzwa, na mikate iliyorudi, na usikope kununua oveni kabla daftari halijajaza miezi sita. Ukikusanyika na wenzako kwenye chama cha akiba, weka mtaji wa unga kando na fedha ya nyumbani, hata kama ni sanduku lilelile lenye vyumba viwili.

Na ninyi wenye loji, kambi na nyumba za wageni kutoka Kikorongo hadi Mweya na Kyambura. Mnayaandika maneno mazuri kuhusu jamii jirani kwenye vipeperushi vyenu. Mwoka mikate mdogo hahitaji kutajwa humo. Anachokihitaji ni oda isiyobadilika, japo mikate sita tu kwa siku, na malipo yasiyongoja mwisho wa mwezi, kwa sababu gunia lake la unga linalipwa taslimu. Mkate mliokula Jumatatu, ulipeni kabla ya Jumatatu nyingine.